Rimu za Mark X kwenye Altezza: Zinaingia, ila tochi haidanganyiki

Kuvalisha Altezza rimu za Mark X ni rahisi: zote zina nati 5 kwenye duara la milimita 114.3. Tatizo linaanzia kwenye tairi.

Ukitoa 215/45 R17 ukaweka 215/60 R16, tairi inakua kwa asilimia 6. Dashibodi ikisoma 50, gari linaweza kuwa kwenye 53. Barabara ya Uyole–Tukuyu–Kyela inapita vijijini, penye vibao vya 50. Hapo dereva anapigwa tochi, faini Sh30,000, huku akiapa hakuzidisha.

Kwenye miteremko ya Rungwe, mvua na ukungu, hatari ni zaidi ya faini: tairi kubwa inaweza kusugua fenda kwenye kona. Tairi ni usalama. Fundi apime kwanza, pesa baadaye.