Si Kila Homa Kali ni Malaria

Sisi tuishio kwa maneno twajua ya kuwa jina likikosewa, tendo nalo hukosewa. Katika nchi yetu, mtu akipandwa na joto la mwili na kuumwa na viungo, hutangaza mara moja kwamba ana malaria, kisha hununua dawa kabla ya tone la damu yake kutazamwa. Jina hilo la haraka huuficha ugonjwa mwingine ambao Kiswahili kimeujua tangu zamani: kidingapopo, yaani homa ya dengue.

Baadhi ya wataalamu wa asili ya maneno wanaamini kwamba hata hilo neno dengue limetokana na "kidinga pepo", jina lililotumiwa Unguja katika karne ya 19. Hapa Kenya ugonjwa huu ulizuka Malindi mwaka wa 1982, Mandera mwaka wa 2011 na Mombasa mwaka wa 2013. Si mgeni basi. Ni jirani tusiyetaka kumtambua.

Dalili pekee haziwezi kuutenganisha na malaria. Damu ndiyo shahidi. Katika siku za kwanza hutafutwa virusi vyenyewe, au protini yao iitwayo NS1. Baadaye hutafutwa kingamwili, ambazo huchukua siku kadhaa kujitokeza. Anayepimwa kingamwili mapema mno akaambiwa hana ugonjwa, bado hajahakikishiwa lolote.

Wapo wanaouliza: ikiwa hakuna dawa ya kuua virusi hivyo, kipimo kina faida gani? Swali hilo ni la haki, hasa kwa mzazi mwenye mfuko mwembamba. Lakini jibu lipo. Mgonjwa akishukiwa kuwa na kidingapopo, huepushwa na aspirini na ibuprofeni, ambazo huongeza hatari ya kuvuja damu, akapewa parasetamoli kwa kiasi kilichoagizwa, pamoja na vinywaji vya kutosha.

Tena kuna hesabu ya damu, ambayo haifai kufanywa mara moja tu. Chembe zinazosaidia damu kuganda, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 150,000 na 450,000 katika mikrolita moja, hupungua. Zikipungua kwa kasi huku damu ikizidi kuwa nzito, huenda majimaji yake yanavuja kutoka mishipani. Jambo hili hutokea mara nyingi homa inaposhuka, baina ya siku ya 3 na ya 7, wakati ambapo jamaa hudhani mgonjwa amepona. Akiumwa sana na tumbo, akitapika mfululizo au akitokwa na damu, akimbizwe hospitalini bila kungoja kipimo chochote.

Yafaa serikali za kaunti, hasa za Pwani na Kaskazini Mashariki, zihakikishe kwamba vipimo hivi vinapatikana zahanatini kwa bei ambayo mwananchi anaimudu. Nanyi walimu na wanafunzi, mnaosikilizwa nyumbani, fundisheni jambo moja: kuambiwa "huna malaria" si mwisho wa uchunguzi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza, "Basi nina nini, na nirudi lini kupimwa tena?"