Gitaa la Ukambani ni Fasihi
Wapo wahakiki wanaoziona nyimbo za gitaa za Ukambani kuwa burudani ya vilabuni tu. Sikubaliani nao. Msikilizaji wa Kitui au Makueni aliyeguswa na huzuni ya Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, atayapata majonzi kama hayo katika gitaa la nyumbani, yakisimuliwa kisa baada ya kisa. Marehemu Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka wa 1987, aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, akatuachia santuri. Wapiga gitaa wengi wa vijijini hawana hata kanda moja. Hii ni fasihi simulizi kamili. Mbona twahakiki taarabu na kuipuuza? Wanafunzi wenzangu, likizo ijayo tuwarekodi wazee hao. Mwimbaji akizikwa kabla ya kurekodiwa, visa vyake huzikwa naye.