Tuipende, Lakini Chongo Tuite Chongo

Ryo Saeba ni mkware. Hafichi, wala aliyemuumba hakumfichia. Akimwona mwanamke mzuri akipita mtaani Shinjuku, macho yanamtoka, mate yanamdondoka, na kazi iliyomtoa nyumbani anaisahau papo hapo. Mtu huyohuyo ndiye mlenga shabaha asiye na mpinzani Tokyo nzima, mlinzi wa kukodiwa ambaye mwenye shida humwita kwa kuandika herufi tatu, XYZ, kwenye ubao wa ujumbe wa stesheni. Ni herufi za mwisho za alfabeti. Baada yake hakuna nyingine, na anayeziandika hana tena pa kukimbilia. Hiyo ndiyo City Hunter, hadithi ya picha ya Tsukasa Hojo iliyotoka katika jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia 1985 hadi 1991 na kujaza vitabu 35. Mwaka 1987 kampuni ya Sunrise iliigeuza katuni ya televisheni, na hadi 1991 vikawa vimetimia vipindi 140. Ndani yake mna risasi, mna vicheko, mna mapenzi yasiyotamkwa, na mna mapaja na nguo za ndani kuliko hadithi yenyewe inavyohitaji.

Katuni za aina hii ni nyingi sana, na kwa kuwa siku hizi anime, yaani katuni za Kijapani, inaonekana kwenye simu ya kila kijana, swali lake limetufikia na sisi: je, mtu mwenye akili zake, anayewaheshimu wanawake, anaweza kuifurahia kazi ambayo nusu ya mizaha yake ni mwanamume kuchungulia bafuni? Mashabiki wakibanwa kwa swali hili huwa na majibu matatu tayari. Ni utani tu. Zama zile ndivyo zilivyokuwa. Wajapani ndivyo walivyo. Yote matatu ni yale wahenga waliyoyasema zamani, kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Mimi nashikilia jambo jingine. Kazi hii inastahili kupendwa, na sababu za kuipenda zinaonekana wazi ndani yake; lakini kuipenda hakumpi mtu ruhusa ya kuibadilishia jina kasoro yake. Tena anayeitaja kasoro kwa jina lake ndiye anayeiona vizuri hata ile sehemu iliyo njema.

Nianze na wema wake, kwa sababu wapinzani huuruka haraka mno. Kwa Kiswahili mwanamume wa namna ya Ryo tunamwita fisi, na neno hilo linatukumbusha ngano zetu. Fisi wa ngano ni mlafi, na kwa ulafi wake kila mara huumbuka. Anafika njia panda, anasikia harufu ya nyama huku na huku, anataka kufuata njia zote mbili kwa pamoja, mwisho anapasuka msamba. Watoto wanacheka, na hakuna hata mmoja anayetoka pale akitamani kuwa fisi. Hojo amejenga kichekesho chake juu ya msingi uleule. Ryo hapati. Vipindi 140, na tamaa yake haimfikishi popote. Kila anapomnyemelea mteja, Kaori Makimura, mshirika wake wa kazi, anatokea na nyundo kubwa iliyoandikwa tani 100, na bingwa wa bastola anabanwa ukutani kama mende. Ufundi uko katika tofauti ya vimo: huyu ambaye hakuna muuaji wa kukodiwa anayemtisha, anatetemeka mbele ya mwanamke mmoja mwenye nyundo.

Halafu yupo Saeko Nogami, mpelelezi wa polisi, ambaye kwangu ndiye mzaha uliotengenezwa kwa akili kuliko yote. Saeko anaijua tamaa ya Ryo na anaitumia. Anampa kazi za hatari ambazo polisi hawawezi kuzigusa, anamwahidi kwamba malipo yatakuwa usiku mmoja pamoja naye, kazi inakwisha, Saeko anaaga na kuondoka. Deni linaandikwa juu ya deni. Ryo anayajua yote hayo na bado anaingia mtegoni. Pwagu amepata pwaguzi. Ukitazama kwa makini utaona kwamba katika mizaha iliyo bora ya kazi hii, akili iko upande wa wanawake, na aibu iko upande wa mkware. Hilo si jambo dogo katika jarida lililoandikwa kwa ajili ya wavulana.

Kuna wema wa pili, ambao ni wa mwendo wa hadithi. City Hunter inajua kugeuka. Dakika moja kunguru anapita angani akilia kuudhihaki ukimya wa aibu uliotanda, dakika inayofuata Hideyuki Makimura, mshirika wa kwanza wa Ryo na kaka yake Kaori, anauawa na magenge ya dawa za kulevya, na ucheshi wote unazimika. Mwongozaji Kenji Kodama alikuwa na mbinu moja ambayo wapenzi wa katuni hii hawaisahau. Wimbo wa kufungia kipindi, Get Wild wa kundi la TM Network, hausubiri hadithi iishe. Muziki unaanza taratibu chini ya maneno ya mwisho, wakati Ryo bado anamuaga mteja au anaondoka peke yake, kisha picha inaganda na sauti ya mwimbaji inaingia. Mtazamaji aliyekuwa akicheka anajikuta na huzuni asiyoitegemea. Sauti ya Akira Kamiya, aliyemwigiza Ryo, inafanya kazi hiyohiyo: inatoka kwenye kilio cha mjinga hadi kwenye utulivu wa mtu aliyeona vita, ndani ya sentensi moja. Anayeipima katuni hii kwa kuhesabu nguo za ndani peke yake amepitwa na yote hayo.

Sasa hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Mkosoaji atasema: sawa, nyundo inamshukia Ryo, lakini je, inaishukia kamera? Mteja yuko bafuni, Ryo anachungulia dirishani, Kaori anafika, Ryo anaadhibiwa. Ila kabla Kaori hajafika, sisi watazamaji tulikwisha kuchungulia. Mchoraji alituwekea picha hiyo makusudi, akaichora kwa uangalifu, akaiacha mbele yetu sekunde za kutosha. Mkware ndani ya hadithi anapigwa, na mkware aliyeketi mbele ya televisheni anaondoka na alichotaka. Kwa hiyo adhabu ya Ryo inakuwa kama risiti ya kutuonyesha kwamba tumekwisha kulipia.

Hoja hii siwezi kuipangua, na sioni sababu ya kujaribu. Ni kweli. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kusema kwamba kwa sababu hiyo kichekesho chote ni kisingizio cha kuonyesha miili. Ushahidi wenyewe haukubali. Toa picha ya bafuni, nyundo bado inachekesha, kwa kuwa kinachochekesha ni kiburi kilichovunjwa. Deni la Saeko halihitaji picha hata moja ya mwili wake ili lifanye kazi. Linahitaji tabia mbili zinazojuana. Mle ambamo kamera inakaa juu ya kifua cha mteja kwa muda mrefu, ndimo vichekesho vinamolegea: hadithi inasimama, hakuna anayesema neno la maana, na mwanamke aliyekuwa mtu mwenye hofu yake na siri zake anageuzwa pambo. Kwa hiyo kasoro hii ni ya heshima, na ni ya ufundi vilevile. Inaiibia kazi muda wake.

Iko kasoro nyingine inayonikera zaidi, na ambayo watu huisema mara chache kwa sababu haina ngozi wazi ndani yake. Ni maneno ambayo Ryo humwambia Kaori. Mwaka baada ya mwaka anamwambia kwamba yeye si mwanamke, kwamba kati ya wanawake wote wa dunia ni yeye tu asiyemsisimua. Hadithi inatutaka tuelewe kwamba anaficha mapenzi, na mwishoni ni kweli anaficha. Lakini Kaori hasikii mawazo ya Ryo. Anasikia maneno yake. Mwanamke huyu amepoteza kaka, anaendesha nyumba, anasaka wateja, anaingia kwenye risasi, kisha anadhihakiwa umbo lake kila siku na mtu anayempenda. Hapo nyundo yake hainichekeshi. Naiona kuwa kilio cha mtu aliyenyimwa njia nyingine ya kujibu. Na katika orodha hiyo hiyo iwekwe mizaha ya kuwadhihaki wanaume wanaovaa mavazi ya kike, ambayo huwa haina hata akili ya kuiokoa.

Wale wa kusema zama zile ndivyo zilivyokuwa, waangalie kalenda. Mwaka 1989, City Hunter ikiwa bado hewani, maneno yenye maana ya unyanyasaji wa kijinsia yalishinda tuzo ya Japani ya maneno mapya na maarufu ya mwaka. Mwaka huohuo mwanamke mmoja alifungua kesi katika Mahakama ya Wilaya ya Fukuoka dhidi ya mwajiri wake na bosi wake, aliyekuwa akisambaza maneno machafu kuhusu maisha yake ya kimapenzi, na mwaka 1992 akashinda. Hojo mwenyewe ni mzaliwa wa Kitakyushu, mkoa huohuo wa Fukuoka. Basi si kweli kwamba hakuna aliyejua, wala si kweli kwamba Wajapani wote waliridhika. Walikuwapo wanawake wa Kijapani walioishi katika miaka hiyohiyo na kuchoshwa na jambo lenyewe, wakalipa jina na kulifikisha mahakamani. Kisingizio cha zama na kisingizio cha utamaduni vyote viwili vinawafuta wanawake hao.

Atakuja mwingine na dawa rahisi: zikatwe sehemu mbaya, zibaki nzuri. Hili lilikwisha kujaribiwa. Ufaransa iliipokea City Hunter mwaka 1990 kwa jina la Nicky Larson na kuiweka katika Club Dorothée, kipindi cha watoto. Kaori akawa Laura. Matukio yakakatwa, na katika sauti za Kifaransa hoteli za wapenzi zikageuzwa kuwa mikahawa ya wala mboga, kiasi kwamba shujaa alionekana akiwabembeleza wanawake waende kula mboga. Matokeo yalikuwa kitu kisichoeleweka. Mtoto aliona jasho na macho ya uchu, akaambiwa ni njaa. Kasoro haikuondoka, ila ilifunikwa kitambaa, na pamoja nayo ikafunikwa sababu ya nyundo, kwa hiyo hata adhabu ikapoteza maana. Kosa lilikuwa la kuchagua hadhira. Kazi ya vijana wakubwa ilipelekwa kwa watoto, kisha ikalaumiwa kwa kutokuwa ya watoto. Hata hivyo kizazi hicho kiliikumbuka kwa mapenzi: mwaka 2019 Philippe Lacheau aliongoza filamu ya Kifaransa ya waigizaji, akamcheza Nicky Larson mwenyewe, na zaidi ya watu milioni moja na nusu wakaingia sinema kuitazama.

Linabaki swali la mfano: je, kijana wa miaka kumi na sita hatajifunza ufisi kwa Ryo? Silipuuzi. Kijana anayetazama peke yake usiku, bila mtu wa kuzungumza naye, anaweza kuchukua picha na kuiacha nyundo. Lakini tazama shabiki mtetezi anamfundisha nini kijana huyo. Anamwambia kwamba kuchungulia ni utani, kwamba aliyechunguliwa hana haki ya kukasirika, kwamba mwenye kulalamika haelewi anime. Somo hilo limetoka kwa mtetezi, halikutoka kwa Hojo. Katika hadithi yenyewe aliyechunguliwa hukasirika, na hasira yake huonekana kuwa ya haki. Mtu mzima anayesema mbele ya mdogo wake, hapa nacheka kwa sababu mjinga amenaswa, na hapa sicheki kwa sababu huyu dada amedhalilishwa, amempa kijana kipimo atakachokibeba hadi kwenye katuni nyingine, na hadi mtaani.

Na wako watu wazima wengi wa kuyasema hayo, kwa maana hadithi hii haijafa. Filamu ya katuni ya 2023 ilimrudisha Kamiya, akiwa na miaka 76, pamoja na Kazue Ikura aliyekuwa sauti ya Kaori tangu 1987, na mwaka uliofuata Netflix ikaleta filamu ya waigizaji iliyomweka Ryohei Suzuki katika Shinjuku ya leo. Kila toleo linarithi ukware ule, na kila toleo linarithi pia jambo moja ambalo Hojo aliliweka katikati ya kelele zote. Ryo alinusurika ajali ya ndege akiwa mtoto mdogo, akalelewa na wapiganaji wa msituni Amerika ya Kati, na hakuna hati yoyote inayosema alizaliwa lini. Anayemchagulia siku ya kuzaliwa ni Kaori, yuleyule anayeambiwa si mwanamke. Anampa tarehe 26 Machi, siku tano kabla ya siku yake mwenyewe, na yule mwanamume mwenye jibu la kejeli kwa kila kitu anaipokea.