Kiti cha magurudumu kisingoje mihuri

Katika jiji la Nairobi, asiyeweza kutembea ndiye anayetembezwa zaidi. Akiomba serikali kiti cha magurudumu, magongo au mguu bandia, hutumwa hospitali, akarudishwa nyumbani, akatumwa afisi nyingine, na huko akadaiwa karatasi ambayo hakuambiwa aje nayo.

Sheria zipo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 champa mlemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo vya ulemavu wake. Sheria ya mwaka wa 2003 ndiyo iliyoleta Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na Mei 2025 Rais alitia saini sheria mpya ya kuchukua mahali pake. Taabu iko katika safari ya kutoka sheria hizo hadi mlangoni mwa mwananchi.

Hebu tuifuate safari hiyo. Tuseme mama anaishi Riruta na mtoto wake wa miaka sita ana mtindio wa ubongo. Kwanza mtoto sharti akaguliwe na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Ripoti ikishatiwa saini, aandikishwe na Baraza. Ndipo ombi la kiti lianze, nalo lina fomu zake na vipimo vyake. Halafu asubiri zamu, kwa kuwa viti ni vichache kuliko wanaovihitaji. Ni kweli kwamba siku hizi kujiandikisha hufanywa kwa mtandao, lakini mtandao haumbebi mtoto kumpeleka kwa daktari.

Kila hatua ni nauli. Mtoto hubebwa mgongoni kupitia vichochoro vya matope hadi Barabara ya Naivasha, akapande matatu ambayo makanga wake ana haraka. Mama anayefua nguo za watu akipoteza siku moja, amepoteza chakula cha siku hiyo. Akiambiwa "njoo wiki ijayo" mara mbili au tatu, hukata tamaa, na mtoto akabaki mkekani.

Kubaki huko mkekani ni hatari kwa afya. Misuli hukakamaa, uti wa mgongo hupinda, na vidonda huchimbika pale mfupa unapogandamiza ngozi. Mtoto asiyeweza kuketi wima hulishwa kwa shida, na chakula kikiingia njia ya hewa chaweza kumletea kichomi. Isitoshe, mtoto hukua. Kiti alichopimiwa leo kikifika baada ya miaka miwili, hakimtoshi tena. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa huumiza hata mgongo.

Wapo watakaosema kwamba ukaguzi mkali unahitajika kwa sababu kuna wanaojifanya walemavu ili wasamehewe kodi. Hoja hiyo ina uzito kwa upande wa kodi. Lakini ni nani atakayedanganya ili apewe kiti cha mtoto asiyeweza kuketi?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2008 kuhusu viti hivi, lilieleza kwamba mtumiaji lazima apimwe, kiti kirekebishwe kimfae, afunzwe kukitumia, na afuatiliwe baadaye. Kwa hivyo mtaalamu hana budi kumwona mtoto huyu. Kwa nini basi asimwone siku ile ile anapokaguliwa kwa ajili ya kuandikishwa?

Yafaa basi madaktari wanaokagua walemavu na wapimaji wa viti waje pamoja, walau siku moja kila mwezi, katika vituo vya afya vya mitaani kama kile cha Riruta. Fomu iwe moja, ya kuandikishwa na ya kifaa. Mama aondoke na karatasi yenye nambari ya ombi lake na tarehe ya kujibiwa. Wahudumu wa afya wa jamii, waliopewa mikoba ya kazi na serikali mwaka wa 2023, huzuru nyumba hadi nyumba; wao ndio wa kuwaandika wanaohitaji kufikiwa. Madaktari na vituo tayari vipo, kinachotakiwa ni mpango.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya 2022 ilionyesha kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji vifaa vya aina hii wanaovipata, ilhali katika baadhi ya nchi tajiri ni asilimia 90. Umaskini wa nchi hautaondoka kesho. Lakini kumpunguzia mama wa Riruta safari nne ziwe moja ni jambo ambalo Wizara ya Afya na Kaunti ya Nairobi zaweza kulianza mwezi ujao.