Shahidi wa Maabara Naye Ahojiwe

Kila askari ajuaye kazi yake anafahamu kwamba gwaride la utambulisho lisiloendeshwa kwa haki laweza kumtia hatiani asiye na kosa. Leo twapenda kuwakumbusha ndugu zetu wa jeshi na polisi kwamba hata katika maabara wamo mashahidi, nao hawana budi kuhojiwa.

Seli ya mwili, kabla ya kugawanyika, huhitaji malighafi ya kujengea DNA. Nyingine huunda upya. Nyingine huziokoa kutoka katika mabaki, mfano wa fundi atumiaye tena matofali ya nyumba iliyobomolewa. Kimeng'enya kiitwacho timidini kinasi 1 ni miongoni mwa waokoaji hao. Huongezeka seli inapojiandaa kugawanyika, na kwa sababu hiyo wataalamu hukipima katika damu ili kufuatilia baadhi ya saratani. Hicho hicho ndicho kianzacho kuiamsha mwilini dawa ya AZT, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987 kwa wagonjwa wa UKIMWI.

Chombo kimoja cha kukitambua ni kingamwili. Mwaka 1975, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walionyesha namna ya kuzalisha kingamwili za aina moja tupu kutokana na seli za panya, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Njia hiyo yenyewe iliegemea uokoaji huo: seli za saratani zilizokosa kimeng'enya cha kuokoa malighafi zilikufa katika lishe maalumu, bali zilizoungana na seli zenye nacho ziliishi.

Hata hivyo, kingamwili yaweza kukosea. Ndani ya seli zimo protini maelfu, na yaweza kushika nyingine yenye kipande kinachofanana na kile inachotafuta. Hapo daktari hupotoshwa, na mgonjwa ndiye aumiaye. Tena, kuonekana kwa kimeng'enya si uthibitisho kwamba kinafanya kazi; sare peke yake haithibitishi kwamba mvaaji yuko zamuni.

Kwa hiyo twasisitiza: kingamwili ijaribiwe kwanza katika seli zilizoondolewa jeni ya kimeng'enya hicho. Ikiendelea kudai kwamba imekiona, ushahidi wake usipokelewe. Na mpelelezi aletewaye karatasi ya maabara yoyote asiridhike na muhuri tu. Na aulize: kipimo hiki kilijaribiwa vipi? Kuuliza hivyo si kumdharau mtaalamu, bali ni kuilinda haki ya raia.