Batani ya simu ikifa, namba yako ya siri iko hatarini

Katika vijiji vya njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kwenda Urambo hadi Ujiji, watu wengi hupokea fedha kwa simu ya kitochi. Sasa chukua mkulima ambaye batani yake ya 5 imegoma, na namba yake ya siri ina 5. Anatoa laini, anaiweka kwenye simu ya kupangusa ya mtu mwingine. Kioo hakijazoeleka kidoleni, basi anamtajia mwenye simu namba ya siri ambonyezee. Hapo fedha zake hazina tena mlinzi.

Kwa nini batani hugoma? Chini yake kuna kibati kidogo kilichobinuka. Ukibonyeza, kinabonyea na kuunganisha njia mbili za umeme, kisha kinarudi juu. Mruko huo ndio unaokiambia kidole kwamba namba imeingia. Vumbi, jasho au maji yakikaa hapo, umeme haupiti. Mara nyingi fundi akisafisha kwa spiriti, batani inafufuka. Isipofufuka, hubadilisha karatasi nzima yenye vibati, kama inapatikana.

Zipo kibodi za kompyuta ambazo kila herufi ina swichi yake yenye springi. Mnunuzi huchagua swichi inayoshuka laini, inayogota kidoleni au inayolia. Kwenye baadhi yake, swichi moja ikifa hung'olewa peke yake. Kumbe kutengenezeka kwa kifaa ni uamuzi wa kiwandani.

Sheria nayo inaweza kusukuma uamuzi huo. Tangu Juni 20, 2025, Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji wa simu mpya, za batani zikiwemo, wahakikishe vipuri vinapatikana kwa miaka 7 baada ya toleo kuacha kuuzwa. Tanzania ilizima simu bandia Juni 2016. Hatua hiyo iliangalia kama simu ni halisi. Kwa mwanakijiji, swali la pili ni kama itatengenezeka.

Kwa sasa, kabla ya kununua simu, bonyeza batani zote na uulize vipuri. Ukiipeleka kwa fundi, toa laini kwanza. Na kama umeshamtajia mtu namba ya siri, hata kwa nia njema, ibadilishe leo.