Tunampima Mtoto au Mfuko wa Mzazi?



Muhula uliopita alitujia mama mmoja wa eneo letu, auzaye mboga kando ya barabara, akiwa na ripoti ya mwanawe wa Gredi ya 4. Katika somo la sayansi palikuwa pameandikwa kwamba mtoto yu mbali na matarajio. Tulipomwuliza mtoto mwenyewe, alitueleza bila kusitasita jinsi mbegu inavyoota, inahitaji nini ili imee, na kwa nini mche uliowekwa gizani hurefuka ukawa mwembamba na wa rangi ya manjano. Hakukosa maarifa. Siku ya kazi mradi hakuwa na karatasi ya manila, wala kalamu za rangi, wala picha zilizochapishwa, kwa kuwa mama yake hakupata shilingi mia mbili za kununulia vitu hivyo. Mwalimu aliitazama meza tupu, akaandika alichokiona.

Je, aliyepimwa siku ile ni mtoto, au ni mfuko wa mama yake?

Hatuandiki haya ili tuutukane mtaala mpya. Kinyume chake, twaamini kwamba nia yake ni ya haki kuliko ile ya mtihani tulioulea kwa muda mrefu. Tangu mwaka 1985 hadi mwaka 2023 mtoto wa Kenya aliyemaliza Darasa la Nane alihukumiwa kwa mtihani mmoja, KCPE, uliofanywa kwa siku chache tu. Aliyeugua malaria wiki hiyo, aliyefiwa, aliyefika akiwa amelowa mvua na hajala, wote waliandikiwa namba, na namba hiyo ikawafuata kama kivuli. Sisi tulio na umri twakumbuka majina ya shule yakipangwa magazetini kama timu za kandanda, na watoto waliochapwa viboko kwa kila alama iliyopungua chini ya kiwango alichojiwekea mwalimu. Wako waliojitoa uhai. Hatupaswi kuyasahau haya kwa sababu tu siku hizi twachoka na kazi mradi.

Mtaala wa umilisi ulianza kote nchini mwezi wa Januari 2019, kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3. Watoto wa kwanza kufika Gredi ya 6 walifanya tathmini yao ya kitaifa, KPSEA, mwezi wa Novemba 2022. Jambo kubwa katika mpango huo, ambalo wazazi wengi hawakuelezwa vizuri, ni hili: mtihani wa mwisho ulipewa alama 40 tu kwa mia. Zile 60 zilizosalia zilitoka katika tathmini za shuleni, yaani 20 za Gredi ya 4, 20 za Gredi ya 5 na 20 za Gredi ya 6. Tena mtoto haambiwi kwamba amekuwa wa kwanza au wa arobaini. Huambiwa kama amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia, au yuko mbali nayo. Na hata akiwa mbali, haachwi nyuma, bali huendelea na wenzake hadi Gredi ya 7.

Uamuzi wa kumtazama mtoto kwa miaka mitatu badala ya siku tatu ni uamuzi mwema. Lakini zile alama 60 zimewekwa mikononi mwa nani? Zimewekwa mikononi mwa mwalimu ambaye pengine ana watoto 70 katika chumba kimoja, katika shule isiyo na mashine ya kuchapisha. Anatakiwa achukue kazi za tathmini kutoka mtandao wa Baraza la Mitihani, atoe nakala, amtazame kila mtoto akitenda, kisha apeleke alama kwa mtandao uo huo. Kwa fedha zipi? Kiwango ambacho serikali imekitumia kwa miaka mingi kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Ukizigawa kwa siku za mwaka, hazifiki shilingi 4 kwa siku, na mara nyingi huchelewa. Ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka 2010 yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Elimu ya bure inayodai karatasi, wino na simu yenye intaneti kutoka kwa mama muuza mboga imebadilisha tu mahali pa kulipia.

Hapo ndipo umaskini unapoandikwa ripotini kana kwamba ni ujinga. Tusiukubali mchezo huu. Wenye kuutunga mtaala wenyewe walisisitiza vifaa vipatikanavyo katika mazingira ya mtoto: udongo wa mfinyanzi, mbegu, vifuniko vya chupa, maganda ya mahindi, vijiti. Kwa hiyo mzazi anayetumiwa orodha ya vitu vya kununua dukani anayo haki ya kumwuliza mwalimu, kwa heshima, ni kitu gani cha nyumbani kingefaa badala yake. Hilo si ukaidi. Na mzazi asimfanyie mtoto kazi yake usiku, kama tulivyoona kwa baadhi ya baba zetu wenye uwezo, waliomwajiri seremala atengeneze kitu kilichopaswa kutengenezwa na mikono ya mtoto wa miaka tisa. Mtoto huyo naye amedhulumiwa, ijapokuwa ripoti yake inang'aa.

Iko dhuluma ya pili, nayo haina kelele. Ni alama ya uongo. Mwalimu akichoka, au akihofia kuulizwa kwa nini darasa lake liko chini, ni rahisi kuandika kwamba wote wamefikia matarajio. Mwalimu mkuu hufurahi na mzazi huridhika, kumbe mtoto hawezi kusoma sentensi tatu mfululizo. Mtoto aliyeandikiwa kweli kwamba yu mbali, yaelekea mtu atamshika mkono. Yule aliyesitiriwa kwa alama nzuri hakuna atakayemtafuta, na atafika sekondari ya chini akinakili asichokielewa. Twawasihi walimu, ambao mzigo wao twaujua, waiandike kweli. Nasi wazazi tuwalinde wanapoiandika, tusiwaendee kwa hasira.

Wakati huohuo mtihani wa zamani warudi kwa mlango wa nyuma, umevaa nguo mpya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza masomo ya likizo, lakini fedha za tuisheni zingali zaombwa, kwa majina mengine. Karatasi za majaribio zauzwa kila wiki hata kwa watoto wa Gredi ya 2. Yatupasa kukiri kwamba hata shule zinazodhaminiwa na makanisa yetu zimetundika mabango ya kujisifia alama langoni. Watu hujitetea kwamba tathmini ya Gredi ya 6 ina uzito. Ni kweli kwamba kwa wale waliofanya tathmini ya Gredi ya 9 mwaka 2025, ile ya Gredi ya 6 ilihesabiwa kuwa asilimia 20 ya matokeo yaliyotumiwa kuwapangia shule za sekondari ya juu. Lakini asilimia hizo hazinunuliwi kwa rundo la karatasi za kuchagua A, B, C au D. Asiyesoma vizuri hawezi kulielewa hata swali lenyewe.

Msaada wa kweli basi huanza na kusoma, mapema, katika gredi tatu za kwanza. Mpango wa Tusome, ulioenezwa nchini mwaka 2015, ulikuwa na mambo yasiyo ya ajabu: kila mtoto kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, mwalimu mwongozo wa kila somo, na afisa wa kumtembelea darasani ili amsaidie. Mahali vitabu vilipofika mikononi mwa watoto, badala ya kufungiwa kabatini visichafuke, watoto walisoma. Twauliza: katika shule yenu, vitabu viko wapi leo?

Nyumbani, hata mzazi asiyejua kusoma aweza kumwambia mtoto, "Nisomee, kisha unihadithie." Hata kama lugha ya nyumbani ni Kikamba au Kiluo, na amhadithie kwa hiyo, mtaala wenyewe unaitambua lugha ya mtoto katika gredi za chini. Mpe mtoto kazi ya kuhesabu chenji kibandani. Mwache apime unga. Hiyo ndiyo hisabati itakayoulizwa. Na katika vigango vyetu, kumbi zenye umeme ambazo hufungwa tangu Jumatatu hadi Ijumaa zaweza kufunguliwa saa mbili za jioni, pawe na meza na mtu mzima mmoja wa kukaa na watoto. Gharama yake ni ndogo kuliko ya arusi moja.

Yule mama tulimsindikiza shuleni. Mwalimu wake, mwenye watoto 74 darasani, hakutukasirikia; alituonyesha daftari lake la alama na kutuambia kwamba hajawahi kuulizwa jambo hili na mzazi yeyote. Juma lililofuata mtoto alileta maharagwe matatu yaliyoota katika mkebe wa mafuta ya kupikia, mmoja ukiwa umefunikwa kwa gunia, akaeleza mbele ya wenzake. Katika mkutano ujao wa wazazi tutauliza fedha za kuchapisha zilizotozwa muhula huu zilikuwa ngapi, zilitumikaje, na ni watoto wangapi walioandikiwa chini kwa kukosa kuzitoa.